Bima ya Gari la Kikundi: Tupunguze Gharama bila Kubaki Mikono Mitupu



Vikundi vingi vimetoka kwa mkokoteni na punda vikafika kwa pikapu ya kubebea maziwa, ama boda boda mbili tatu za vijana. Tunamshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Lakini kila mwaka inafika ile siku mweka hazina anasimama mkutanoni na kusema, "Bima inaisha wiki ijayo, na pesa iliyoko haitoshi." Hapo kelele zinaanza. Mmoja anajua ajenti wa bei rahisi. Mwingine anasema heri tulipe ya mwezi mmoja kwanza. Wa tatu anauliza kama ni lazima.

Somo hili ni la mikutano miwili. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na kuuliza. Katibu alete cheti cha bima, logibuku, na kile kijitabu cha masharti ya bima ambacho vikundi vingi hukitia kabatini bila kukifungua.

Je, ni lazima?

Ndiyo. Sheria ya Kenya ya bima ya magari, ile inayojulikana kama Sura ya 405, inakataza gari au pikipiki kutembea barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Ukikamatwa bila hiyo ni faini au kifungo. Lakini polisi si sababu kubwa. Sababu kubwa ni yule mama aliyekuwa anavuka barabara akienda sokoni. Akigongwa na gari la kikundi, ana haki ya kwenda kortini kudai gharama za hospitali, maumivu aliyopata, na kazi ambayo hawezi kuifanya tena. Pasipo bima, deni hilo linamwangukia mwenye gari. Mwenye gari ni nani? Ni ninyi: akiba yenu, tangi lenu la maziwa, na pengine shamba la yule ambaye jina lake liko kwenye logibuku.

Bima ikiwepo, kampuni ndiyo hulipa. Hata hivyo sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mtu aliyeumia au kufa. Korti ikitoa zaidi ya hapo, kinachozidi ni mzigo wa mwenye gari.

Thadi pati na bima kamili

Watu husema "thadi pati" bila kujua maana. Wa kwanza ni wewe mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule mwingine unayemgonga barabarani. Bima hii ni ya huyo wa tatu peke yake. Gari lenu likipinduka, likiungua au likiibwa, hamtapata hata senti. Ndiyo bima ndogo kabisa ambayo sheria inakubali, na ndiyo ya bei ya chini.

Iko ya katikati, inayoongeza moto na wizi juu ya thadi pati. Halafu iko bima kamili, ile watu huita komprehensivu, ambayo pia hutengeneza gari lenu wenyewe likipata ajali, hata kama kosa ni la dereva wenu. Kama gari limenunuliwa kwa mkopo wa benki au Sacco, kwa kawaida hamtakuwa na la kuchagua. Mwenye kukopesha hutaka bima kamili mpaka mkopo uishe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo limewaumiza wengi. Wale wanaokaa ndani ya gari lenu si lazima wawe "mtu wa tatu". Sheria haimlazimishi mwenye pikapu kuwawekea bima watu aliowapa lifti. Wanachama 12 wakipanda nyuma ya pikapu kwenda mazishini na gari likaanguka, kampuni inaweza kusema hawakulipiwa. Kuna nyongeza ya abiria ambayo hununuliwa kando, kwa idadi ya viti vinavyokubaliwa, na watu 12 nyuma ya pikapu hawamo katika idadi hiyo. Dereva na utingo mliowaajiri pia hawamo. Hao ni wafanyakazi, na Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini inamtaka mwajiri awe na bima yao mbali. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu katika vikundi vyetu pikapu ndiyo ambulensi, ndiyo matatu, na ndiyo gari la harusi.

Gari lafanya kazi gani?

Fomu ya bima huuliza matumizi ya gari, na wengi hujaza haraka haraka. Kampuni hutofautisha gari la binafsi, gari la kubeba mizigo ya mwenyewe, gari la kubeba mizigo ya watu kwa malipo, na gari la abiria wa kulipa. Bei hupanda kwa mpangilio huo, kwa hivyo ajenti mwenye haraka atakuambia, "Andika mizigo ya mwenyewe, itakuwa rahisi."

Tuchukue mfano. Kikundi cha maziwa kimeandika kwamba pikapu ni ya mizigo yao wenyewe. Asubuhi inabeba maziwa yao hadi kwa kipoza maziwa, na hapo hakuna shida. Siku ya soko inabeba magunia ya viazi ya jirani kwa shilingi 200 kila gunia. Siku hiyo ikipata ajali, mchunguzi wa kampuni atauliza viazi ni vya nani. Atawauliza pia wenye magunia, nao watasema ukweli. Kampuni itakataa kutengeneza pikapu. Na hata pale sheria inapoilazimisha imlipe aliyegongwa, yaweza kurudi kuwadai ninyi pesa hizo. Nafuu iliyopatikana kwa neno moja kwenye fomu imegeuka kuwa kesi.

Boda boda ni hivyo hivyo. Pikipiki ya kwenda shambani haina bima sawa na pikipiki ya kubeba abiria wa kulipa.

Hesabu za bima kamili

Tuseme pikapu ina thamani ya shilingi 900,000 na kampuni inatoza asilimia 5. Hiyo ni shilingi 45,000. Juu yake kuna asilimia 0.2 ya mafunzo ya bima, asilimia 0.25 ya Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima, na shilingi 40 za stempu. Jumla ni shilingi 45,242 na senti 50. Ajenti akiwaletea hesabu yenye "ada za serikali" za maelfu, mwombeni aziandike moja moja.

Halafu kuna kitu kinaitwa eksesi. Hii ni sehemu ya hasara ambayo ninyi mnaibeba kabla kampuni haijatoa chake. Tuseme ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kwa pikapu yetu ni shilingi 22,500. Ukarabati ukiwa shilingi 60,000, kampuni italipa 37,500. Ukiwa shilingi 20,000, haitalipa kitu. Kwa wizi eksesi huwa kubwa zaidi. Ikiwa ni asilimia 10 kwa gari lenye kifaa cha kulifuatilia na asilimia 20 kwa lisilo nacho, basi pikapu yetu ikiibwa mtapoteza 90,000 au 180,000. Kwa hiyo msilinganishe kampuni mbili kwa bei tu. Kampuni ya 40,000 yenye eksesi nzito yaweza kuwa ghali kuliko ya 45,000.

Msiongeze thamani ya gari mkidhani mtalipwa zaidi. Mkiandika 1,200,000 kwa pikapu ya 900,000, mtalipa 60,000 badala ya 45,000, lakini gari likiharibika kabisa kampuni hulipa bei ya soko ya siku ile. Mmetupa shilingi 15,000. Wala msipunguze. Mkiandika 450,000, gari likiibwa hiyo ndiyo mtapata, tena baada ya kutoa eksesi. Na kama kijitabu kina kanuni ya wastani, hata ukarabati wa 100,000 utahesabiwa nusu, kwa kuwa mlilipia nusu ya gari. Afadhali gari likaguliwe na mthamini anayekubaliwa na kampuni, na thamani ishushwe kila mwaka jinsi gari linavyozeeka. Vikundi vingi huendelea kulipia bei ya mwaka ule walionunua.

Mahali pa kupunguzia gharama

Gari likiwa kuukuu sana, jiulizeni kama bima kamili ina faida. Kampuni nyingi zina kiwango cha chini kabisa ambacho hazishuki, na nyingine hazikubali magari ya miaka mingi. Gari la 250,000 likitozwa 35,000, mnalipa asilimia 14 ya gari lote kila mwaka, na bado kuna eksesi. Kwa maoni yetu, gari kama hilo lichukue thadi pati, na tofauti ya pesa iwekwe katika akaunti ya ukarabati isiyoguswa. Lakini gari ambalo ndilo uti wa mgongo wa kikundi, na ambalo likipotea hamwezi kununua lingine, tusidanganyane: hilo linahitaji bima kamili.

Ulizeni punguzo la kutodai. Kampuni nyingi hupunguza bei kwa mwenye gari aliyemaliza mwaka bila madai, na wengine hawatalitaja msipouliza. Mkihama kampuni, ombeni barua ya kuonyesha hamjadai, mkaipeleke kule mpya. Kwa sababu hiyo kioo cha taa cha shilingi 3,000 hakifai kudaiwa hata kama mngeruhusiwa.

Bima ya mwezi mmoja mmoja inasaidia gari linalolala msimu mzima, kwa mfano trekta ama lori la mavuno. Kwa gari linalotembea kila siku, jumlisheni miezi 12 muone. Mara nyingi inazidi ya mwaka. Tena mwezi mmoja ukisahaulika, ndio huo ajali hutokea. Msidanganyike pia kwamba mtapewa bima ya deni. Sheria ya bima yataka malipo yaingie kwanza ndipo kampuni ibebe hatari. Mkikosa pesa zote mara moja, kuna benki zinazolipia bima nanyi mkazilipa kwa awamu kwa riba, lakini heri kutenga kidogo kidogo kila wiki ya maziwa.

Kuna nyongeza ambazo hulipiwa: ya kufuta eksesi, ya kioo, ya redio, ya ghasia za kisiasa. Hii ya mwisho ilianza kutiliwa maanani sana baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, kwa maana wengi waliochomewa magari waligundua kwamba kijitabu hakikuwalinda. Gari lenu likilala mjini, ifikirieni. Likilala bomani kwa mzee, labda pesa hiyo inunue matairi. Wanaovuka mpaka Busia au Namanga wajue kwamba nje ya Kenya watahitaji Kadi ya Njano ya COMESA.

Kampuni na ajenti

Bei ya chini sana nayo iogopwe. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Zote mbili zilikuwa na bima za matatu nyingi, na wenye magari wakaanza kufuatwa na madalali wa korti kwa ajali ambazo walikuwa wameshalipia bima. Hazina ya Kuwafidia Wenye Bima ipo, lakini malipo yake yana kikomo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisheni kwamba kampuni na ajenti wamo katika orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Waulizeni pia makanika wa mjini ni kampuni gani inalipa gereji bila kusukumwa. Makanika huwa wanajua.

Lipeni kwa akaunti au nambari ya Paybill ya kampuni yenyewe, kamwe si kwa simu ya ajenti. Zamani cheti kilikuwa stika ya kubandika kiooni. Siku hizi kinatolewa kidijitali, na kijana yeyote wa kikundi aweza kukikagua kwa programu ya simu ya chama cha kampuni za bima, AKI. Akague siku hiyo hiyo, kabla ajenti hajaondoka.

Ajali ikitokea

Saidieni walioumia kwanza. Ripotini polisi na mchukue abstrakti. Ijulisheni kampuni mara moja, hata kama mnadhani hakuna atakayedai. Dereva asikubali kosa wala kuahidi malipo pale barabarani, na asiandike karatasi ya makubaliano kwa chifu bila kampuni kujua. Barua ya wakili ikija, ipelekwe kwa kampuni siku hiyo hiyo. Ikikaa kwa droo ya katibu mpaka hukumu itoke, kampuni itapata sababu ya kukataa.

Maswali ya kujadili

1. Fungueni cheti chenu. Kimeandika matumizi gani, na wiki iliyopita gari lilifanya kazi gani hasa?

2. Logibuku ina jina la nani? Hundi ya fidia ikija kwa jina lake, au akifariki, kikundi kina maandishi gani ya kuonyesha gari ni lenu?

3. Leseni ya dereva inaisha lini, na ni nani mwingine huendesha yeye akiwa hayupo?

4. Someni ukurasa wa eksesi. Gari likiibwa usiku wa leo, kikundi kitatoa shilingi ngapi, na zitatoka wapi?

5. Chagueni watu wawili, mmoja wao awe mwanamke anayeshika hesabu, walete bei za kampuni tatu kwa maandishi katika mkutano ujao, miezi miwili kabla bima haijaisha.