Kupata Katikati ya Ubao bila Kuhesabu: Kipimo cha Misumari Miwili



Kila mwanamemba anayefuga nyuki anaijua hasara hii. Ni mangaribi, moshi uko tayari, ndoo iko tayari. Unafungua mzinga wa vijiti vya juu na kuinua kijiti cha kwanza, lakini hakitoki peke yake: sega lake limeshikana na kijiti cha pili na cha tatu. Ukivuta, masega yanapasuka, asali inamwagikia watoto wa nyuki, nyuki wanakasirika, na kazi ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Kwetu hasara hiyo ina uzito zaidi. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, hakuna anayependa kubaki shambani giza likiingia. Nyuki wetu ni wakali, ndiyo maana asali yao huvunwa jua likizama. Kwa hiyo mzinga unaofunguka mbio na kufungwa mbio unahusu usalama wa mfugaji mwenyewe, kabla hatujafika kwenye bei ya asali.

Mara nyingi kosa si la nyuki. Lilifanyika kwenye atelye, siku fundi alipochora mstari wa katikati ya kijiti. Somo la leo ni juu ya mstari huo, na juu ya kipimo kidogo ambacho kila koperative inaweza kujitengenezea kwa kipande cha mbao, misumari miwili na kreyo.

Juu ya nini milimita chache zinasumbua

Mzinga wa vijiti vya juu unaojulikana sana Afrika ya Mashariki ulitokea Kenya katika miaka ya 1970, na vipimo vyake vinafuata mwili wa nyuki wa Afrika. Upana wa kijiti ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya ni mkubwa kidogo, vijiti vyake ni vipana zaidi, basi musiige kitabu cha Ulaya hata kama picha zake ni nzuri.

Tazameni hesabu yake. Sega la watoto lina unene wa kama milimita 24. Ukitoa 24 katika 32 inabaki 8, na hiyo ndiyo njia ambamo nyuki wawili wanapita mgongo kwa mgongo, mmoja kwenye sega hili na mwingine kwenye sega la jirani. Nyuki wanaanza kujenga kwenye mstari wa nta tuliowawekea chini ya kijiti. Mstari ukiwa katikati ya kila kijiti, toka sega hadi sega kuna 32, na kila sega linaning'inia kwenye kijiti chake.

Sasa chukua kijiti kimoja ambacho mstari wake umesogea milimita 3 kushoto, na jirani yake ambaye wake umesogea 3 kulia. Kati ya masega yao kuna 38, na njia imekuwa 14. Nyuki hawaachi nafasi kubwa namna hiyo tupu. Wanaijaza nta ya kuunganisha, na vijiti viwili vinakuwa kitu kimoja. Upande wa pili, kijiti kinachofuata kikiwa kimechorwa vizuri, njia inabaki 5 tu, nyuki wawili hawapitani. Wakishaanza kupinda masega, wanaendelea kupinda mpaka mwisho wa mzinga.

Wengine watasema: fundi wetu ana meta, anapima 16 toka ukingoni, imekwisha. Ingekuwa imekwisha kama mbao zetu zingekuwa sawasawa. Mikaratusi ya milima ya Butembo na Lubero inapasuliwa kwa msumeno wa mikono au wa mafuta, mara nyingi ikiwa mibichi, na inapokauka inajikunja na kupungua. Kijiti kimoja kinaweza kuwa na 32 mwisho huu na 35 mwisho ule. Ukipima 16 toka ukingo wa kushoto kwenye 35, katikati ya kweli ni 17 na nusu, umekosa kwa milimita moja na nusu. Kijiti cha pili ukikishika kinyume na kupima toka ukingo wa kulia, makosa mawili yanajumlika kuwa milimita 3. Na huko karakana, kwa vijiti mia moja vilivyorundikwa chini, nani anakumbuka ukingo upi ulikuwa wa kushoto?

Kutengeneza kipimo

Tafuta kipande cha mbao ngumu na kavu. Kipande kilichobaki cha libuyu kinafaa sana, na cha mkaratusi wa zamani pia kinafaa. Urefu sentimita 12, upana 3, unene 2. Kipige randa (wengine tunasema rabo) mpaka upande mmoja uwe laini.

Kwenye upande huo chora mstari mmoja ulionyooka toka mwisho hadi mwisho. Juu ya mstari weka alama mbili zenye umbali wa milimita 80. Halafu tafuta katikati ya alama hizo mbili, na hapa usiamini macho. Kata ukanda mwembamba wa karatasi wenye urefu sawasawa na umbali wa alama hizo, ukunje mara mbili ncha juu ya ncha, uukunjue na kuulaza tena kwenye mstari. Mkunjo unaonyesha katikati.

Alama zote tatu zikae juu ya mstari ule mmoja. Ya katikati ikitoka nje ya mstari hata kidogo, kipimo kitadanganya.

Kwenye alama za pembeni toboa na upigilie misumari miwili yenye unene mmoja, ya pakiti moja. Isimame wima, ibaki nje kama sentimita moja na nusu. Kata vichwa vyake na uvilainishe kwa tupa, visije vikakwaruza mbao. Kwenye alama ya katikati toboa tundu la kreyo. Kreyo iingie kwa nguvu. Ikicheza, izungushie karatasi. Mafundi wengine wanapenda kuweka msumari wa tatu wenye ncha kali, unaotokeza milimita mbili, ili uchore kwa kukwaruza. Ni vizuri kwenye mkaratusi mgumu, lakini uvute mkono mwepesi mara mbili, maana ncha hupenda kufuata nyuzi za mti na kuuacha mstari wako.

Kukitumia

Laza kipimo juu ya kijiti, msumari mmoja nje ya ukingo huu na wa pili nje ya ukingo ule. Kizungushe kwa mkono mpaka misumari yote miwili iguse kingo. Kikae kishazari hivyo hivyo. Ukiendelea kukibana kwa kukizungusha, kivute polepole toka mwisho hadi mwisho wa kijiti. Kreyo inachora katikati.

Kinafanya kazi namna gani? Kreyo iko mbali sawa na kila msumari, na kila msumari unagusa ukingo wake. Basi kreyo iko mbali sawa na kila ukingo. Ubao ukiwa mwembamba kipimo kinalala zaidi; ukiwa mpana kinasimama zaidi; lakini usawa ule haubadiliki. Mahali ambapo kijiti kimetanuka toka 32 hadi 35, mkono wako unasikia kipimo kinajigeuza chenyewe. Hakuna namba ya kusoma, kwa hiyo hata kijana asiyejua kusoma meta anaweza kupewa kazi hii na kuifanya sawa na fundi. Kwa misumari yenye umbali wa 80, kipimo kinafaa ubao wowote mwembamba kuliko nafasi iliyo wazi kati ya misumari. Kwa mbao pana tengeneza kingine kirefu zaidi kwa njia ile ile.

Kukijaribu kabla ya kukiamini

Chora mstari mfupi kwenye kipande cha ubao. Inua kipimo, kigeuze ili msumari wa kushoto uwe kulia, chora tena mahali pale pale. Mistari miwili ikiangukia pamoja, kipimo ni cha kweli. Ukiona mistari miwili iliyoachana, tundu halipo katikati, na katikati ya kweli ya ubao iko nusu ya njia kati ya mistari hiyo. Angalia ni msumari upi unaokaa karibu zaidi na mstari wake. Ziba tundu kwa kijiti na kola, ngoja ikauke, toboa upya ukisogea kidogo mbali na msumari huo, kisha jaribu tena. Jaribio hili halihitaji meta wala ekere. Linafaa hata kwa kipimo kilichonunuliwa dukani.

Jambo moja lisisahaulike: kipimo kinatafuta katikati ya ubao uliopo, hakirekebishi upana wake. Mzinga wa vijiti 28 unahitaji nafasi ya ndani ya 28 mara 32, yaani milimita 896, karibu sentimita 90. Kila kijiti kikizidi milimita moja tu, kijiti cha mwisho hakitaingia vizuri, na mstari uliochorwa vizuri hautasaidia neno. Kwanza randa, mpaka kila kijiti kipite kwenye mkato wa milimita 32 uliokatwa kwenye kibao cha kujaribia. Kisha mstari.

Juu ya mstari pitisha msumeno, kina cha milimita 3, ukiacha sentimita mbili au tatu kila mwisho. Jaza nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji ya moto yanatosha: weka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji. Usiiweke juu ya moto wenyewe, inashika moto kama mafuta.

(Wanamemba wa kakao kule Beni wameuliza kama mizinga itawaongezea matunda ya kakao. Maua ya kakao yanahudumiwa na vijidudu vidogo sana, nyuki hawashughuliki nayo. Mwenye kahawa arabika huko milimani ndiye atakayefaidika na nyuki wa jirani.)

Vitu vya mviringo

Kwa mpini wa jembe na gurudumu la chukudu, misumari miwili haitoshi. Kipimo chake ni kingine: kibao chenye kona ya ekere, na rula iliyopigiliwa toka konani ikigawa kona hiyo sawasawa mara mbili. Sukuma kitu cha mviringo ndani ya kona mpaka kiguse pande zote mbili, chora mstari ukifuata rula. Zungusha kitu kama robo ya mzunguko, chora tena. Mistari inapokatana ndiyo katikati. Kama mti si wa mviringo kamili, na mara nyingi si kamili, chora mistari mitatu au minne. Itafanya kijipembe kidogo, na utoboe ndani yake.

Asiye na kibao hicho achukue kona ya karatasi ya daftari. Weka ncha ya kona ukingoni mwa mviringo, weka alama mahali ambapo pande mbili za karatasi zinakata ukingo, unganisha alama hizo. Umepata mstari unaopita katikati. Rudia toka mahali pengine.

Lakini musidanganywe na moyo wa mti. Mti uliokua kwenye mteremko, kama miti yetu mingi ya Butembo, moyo wake umesogea upande mmoja, na fundi anayetoboa gurudumu kwenye moyo ametoboa nje ya katikati. Tena nyufa huanzia moyoni mbao inapokauka. Kwa gurudumu, afadhali ubao mnene uliopasuliwa kando ya moyo kuliko kipande kilichokatwa kama sahani ya gogo.

Tundu la rulema, kile chuma cha mviringo chenye gololi ndani, likikosea milimita 5, mzigo unapanda na kushuka milimita 10 kwa kila mzunguko. Gurudumu la sentimita 30 linamaliza mzunguko mmoja kwa karibu sentimita 94. Yaani kila hatua, chukudu iliyobeba magunia inajipiga nyundo yenyewe, mpaka mpira wa tairi uachane na mbao au rulema ilegee. Wachukudu wanasema barabara ni mbaya, na ni kweli ni mbaya. Lakini kabla ya kulaumu mawe, inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, na ushike kreyo karibu na ukingo wake bila kuisogeza. Kreyo ikigusa upande mmoja na kuacha mwingine, ukingo hauzunguki katikati ya tundu. Kama gurudumu bado ni la mviringo, tundu ndilo lenye shida.

Kwa mpini wa jembe, chora katikati kwenye ncha zote mbili kabla ya kuchonga, na uchonge ukizitazama alama hizo. Jembe lenye mpini uliokwenda upande linapinda mkononi kila linapogonga udongo, na anayeumia kifundo cha mkono mara nyingi ni mama anayelima toka asubuhi.

Kipimo kimoja kinatosha kundi zima. Kitundikwe atelyeni mahali pakavu, kwa sababu mbao iliyolowa inavimba na tundu linahama. Kijaribiwe kwa kugeuzwa kila asubuhi ya kazi, mbele ya watakaokitumia, kabla kijiti cha kwanza hakijachorwa.