Kufuli la Buncefield: nani ana kazi gani katika mradi wa kudhibiti mitambo

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 11 Desemba 2005, petroli ilikuwa ikiingia kwa bomba katika tangi namba 912 kwenye bohari ya mafuta ya Buncefield, kaskazini mwa London. Mnamo saa 9 usiku kipimo cha kina kiliganda. Skrini ikaonyesha mafuta yametulia, kumbe yanazidi kupanda. Karibu saa mbili na nusu baadaye tangi likafurika, na ilipogonga saa 12 asubuhi na dakika moja, wingu la mvuke likalipuka. Watu zaidi ya 40 walijeruhiwa na matangi zaidi ya 20 yakaungua. Hakufa mtu, kwa sababu ilikuwa alfajiri ya Jumapili na ofisi za jirani zilikuwa tupu.

Tangi lile lilikuwa na kinga ya pili: swichi iliyojitegemea, ya kukata mafuta kipimo kikishindwa. Swichi hiyo ilikuwa na wenzo wa kuijaribu, na baada ya jaribio wenzo ulipaswa kufungwa kwa kufuli ili ubaki mahali pake. Kufuli lisipowekwa, wenzo uliweza kushuka na swichi ikawa kama haipo, bila kengele wala taa ya kumshtua mtu. Mtengenezaji alijua hivyo, lakini hakueleza kwa ufasaha. Waliofunga swichi walidhani kufuli ni la kuzuia wachokozi, na wala hawakuuliza. Wenye bohari nao walipokea kifaa wasichokielewa. Mwaka 2010 kampuni tano zilitozwa faini, zikiwemo iliyotengeneza swichi na iliyoifunga.

Wahenga walionya kuhusu manahodha wengi kwenye chombo kimoja. Hapa kasoro ilikuwa kinyume chake: kila mtu alifanya kipande chake, na maarifa yakapotea katikati ya vipande. Kwa hiyo anayeandaa mradi wa kudhibiti mitambo, uwe wa pampu za mamlaka ya maji au wa tanuri la saruji, asiridhike na orodha ya vyeo. Aandike nani anamkabidhi nani taarifa gani, na nani anatia sahihi kwamba ameielewa.

Wa kwanza ni mwenye mtambo. Anaweza kuajiri mkandarasi kwa kila kitu, lakini uamuzi kuhusu hatari inayokubalika hauajiriki. Yeye ndiye wa kusema tangi lijae hadi wapi, na pampu ikizimika ghafla maji yakatike kwa muda gani. Meneja wa mradi anasimamia ratiba na fedha. Kwa maoni yangu, asiwe ndiye anayeidhinisha majaribio ya usalama, maana siku ya mwisho ya mkataba humlegeza hata mtu mwadilifu.

Mhandisi wa mchakato ndiye anayejua maji, mafuta au mvuke hufanya nini. Kazi yake muhimu ni kuandika, kwa lugha ya kawaida, mtambo ufanye nini katika kila hali: presha ikipita kiwango, vali ifunge au ifunguke? Umeme ukikatika, vali ibaki wapi? Karatasi hiyo isipokuwepo, mwandika programu atajijibu mwenyewe, tena usiku, peke yake.

Kati ya fundi wa vipimo na mwandika programu ndipo makosa mengi huzaliwa. Chukua kipima presha kinachotuma mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Fundi amekipanga kisome bar 0 hadi 10, lakini mwenzake kwenye PLC, yaani kompyuta inayoendesha mtambo, ameandika 0 hadi 16. Presha ikiwa bar 5, mkondo ni miliampea 12 na skrini itaonyesha bar 8. Waya ni mzima, kifaa ni kizima, programu haina hitilafu, na bado namba ni ya uongo. Dawa yake ni jedwali moja la vifaa vyote, lenye mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kulibadilisha.

Mwendeshaji wa zamu huitwa mwishoni, mtambo ukishakamilika, na hilo ni kosa. Aitwe skrini zinapobuniwa. Buncefield wasimamizi walikuwa na skrini moja kwa matangi mengi, na waliweza kuona kikamilifu hali ya tangi moja tu kwa wakati. Kipimo cha tangi 912 kilikuwa kimeganda mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka ule. Wakati mwingine wasimamizi walikinasua wenyewe, wakati mwingine waliita mafundi, na si kila mara iliandikwa. Ukiandaa mradi, taja kwa cheo mtu wa kusoma daftari la hitilafu kila wiki na kuuliza kwa nini jambo lilelile linarudi.

Kwa mifumo ya kinga, kiwango cha kimataifa IEC 61511 kinataka wenye majukumu watambulike na wawe na ujuzi wa kazi hiyo. Kwa usalama wa mitandao ya mitambo, mfululizo wa IEC 62443 unagawa wajibu kati ya mwenye mtambo, mtoa huduma anayeunganisha mfumo na mtengenezaji wa bidhaa. Mtu wa kompyuta wa ofisini asiachiwe peke yake jukumu hili. Akiwasha upya mashine ya chumba cha udhibiti mchana kweupe, mwendeshaji hubaki gizani.

Majaribio ni mawili: kwenye karakana ya mkandarasi kabla mzigo haujasafirishwa, na kwenye eneo la kazi baada ya kufungwa. Yote mawili yashuhudiwe na mwenye mtambo pamoja na waendeshaji wake, wakiwa na karatasi ya mhandisi wa mchakato mkononi.

Na kabla ya malipo ya mwisho, mwenye mtambo akabidhiwe nakala ya programu inayoweza kufunguliwa na kuhaririwa, nywila zote, michoro iliyosahihishwa kulingana na nyaya zilivyofungwa kweli, na maelezo ya mtengenezaji wa kila kifaa cha kinga. Mtu wake mwenyewe aifungue programu hiyo kwenye kompyuta ya kiwanda, mkandarasi akiwa bado yupo.