Mkate wa Mwezi

Watoto, tarehe 15 ya mwezi wa nane Wachina wana sikukuu kubwa. Mwezi wao wa nane si Agosti. Wao huhesabu kwa kufuata mwandamo wa mwezi, na siku hiyo huangukia Septemba au mwanzo wa Oktoba. Usiku huo mwezi ni mpevu. Watu hukaa nje, huutazama, na kula mkate wa mwezi.

Mkate huo ni mdogo, waenea katika kiganja. Ndani yake hutiwa maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari, au mbegu za yungiyungi, ua liotalo majini. Mara nyingi huwekwa katikati kiini cha yai la bata lililolowekwa katika chumvi. Ukikata mkate, waona duara ya manjano: ndiyo mwezi! Siku hizi wengi huununua dukani.

Wazee wa China husimulia hivi. Zamani majua kumi yalitokea pamoja, mashamba yakaungua. Mpiga mishale Hou Yi akaangusha tisa, akaacha moja. Akapewa dawa ya kutokufa, lakini hakuinywa, maana hakutaka kumwacha mke wake Chang'e. Akampa aitunze. Siku moja Hou Yi alipokuwa mbali, mtu mwovu akaja kuiiba. Chang'e hakuwa na njia nyingine, akainywa yeye. Mara akawa mwepesi, akapaa mpaka mwezini. Mumewe aliporudi alimwita, wapi! Akaweka mezani matunda aliyoyapenda mkewe, akautazama mwezi. Wengine husema Chang'e aliiba dawa mwenyewe. Hadithi ya kwanza yapendeza zaidi.

Tena husemwa kwamba Wamongoli walipotawala China, watu walificha barua ndani ya mikate hii, wapate kuasi wote siku moja. Ni kweli kwamba ukoo wa Ming uliwashinda Wamongoli mwaka 1368. Lakini habari ya barua ni hadithi tu. Wenye kuchungua historia hawakuona ushahidi wake.

Kwa Wachina mviringo ni alama ya jamaa waliokusanyika. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mkate hukatwa vipande kwa hesabu ya watu wa nyumba. Mwana aliye safarini naye huhesabiwa: kipande chake hukatwa, huwekwa.

Maulizo
1. Kwa nini Hou Yi hakuinywa dawa?
2. Habari gani ni ya kweli, na ipi ni hadithi?
3. Nyumba yenu ingekata vipande vingapi?