Mguu Ulioteguka: Mikono Hutulizaje Maumivu?

Muhula wa michezo ukifika, haipiti wiki bila kumwona mwenzetu akichechemea kwenda mabwenini. Karuka kuupiga mpira kichwa, katua kwa ukingo wa nje wa unyayo, mguu ukapindukia ndani. Mara wenzake wamemzunguka. Huyu anavuta kisigino, yule anapaka dawa ya kuchua, eti mfupa urudi mahali pake!

Lakini aghalabu mfupa haujaenda popote. Kilichoumia ni kano, zile kamba ngumu zinazounganisha mifupa, hasa ile ya mbele upande wa nje wa kifundo. Imevutika au imechanika, na ndiyo maana pamevimba.

Je, mikono haifai basi? Yafaa sana. Mnamo 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango. Habari za kuguswa zikifika pale, huzipunguzia nafasi habari za maumivu kupita kwenda ubongoni. Nadharia hiyo imerekebishwa tangu hapo, ila wazo lake la msingi lingalipo. Ukijigonga goti kwenye dawati, mkono si huenda wenyewe kulisugua? Nani alikufundisha?

Kuna na jambo la pili, nalo ni kukakamaa. Mguu ulioteguka hukataa kukunjika. Mwambie mwenyewe achuchumae bila kuinua kisigino uone. Mfupa uitwao talasi, ulio chini ya muundi, huwa hautelezi vizuri kurudi nyuma. Mtaalamu wa fiziotherapia huutuliza muundi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huusukuma mfupa huo nyuma polepole, tena na tena, bila kumliza mtu. Kifundo hulegea, hatua zikarefuka. (Hapo si kukanda wala si kuchua. Mwanachama mwenye neno lake alilete mkutanoni!) Nafuu hiyo haidumu sana peke yake, kwa hivyo mgonjwa hupewa mazoezi, kama vile kusimama kwa mguu mmoja.

Sasa, lini? Siku 2 au 3 za kwanza hakuna kuchua kwa nguvu wala maji moto. Funga barafu ndani ya kitambaa, weka bendeji, inua mguu juu ya mto.

Tena kuna miguu isiyotaka mikono kabisa. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni za kutambua anayehitaji eksirei. Mtu akishindwa kupiga hatua 4 pale alipoumia na hata mbele ya daktari, au akiumia unapobonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, huenda amevunjika. Huyo asichuliwe na yeyote, awe ni nyanya wa kijijini au nahodha wa timu, mpaka picha ionekane.