Mwalimu wa Kwaya: Somo Kutoka kwa Padre Stephen Mbunga



Likizo moja tulipewa kazi ya kusaidia kwaya ya kigango kimoja cha pwani, upande wa Kilwa. Tukafundisha Misa mpya kwa siku sita, kwa kuisikiliza kwenye simu. Dominika kwaya iliimba vizuri, kuanzia "Bwana utuhurumie" hadi "Mwanakondoo". Baada ya Misa bibi mmoja akatushika mkono, akauliza: "Wajukuu zangu, leo na sisi tulikuwemo?" Hatukuwa na jibu.

Swali la bibi yule ndilo linalotufanya tumtazame padre mmoja wa kusini mwa nchi yetu, Padre Stephen Mbunga wa Peramiho, mtunzi wa nyimbo na mwanafunzi wa sheria za Kanisa.

1. Ngoma nje ya mlango

Wabenediktini walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895. Misa iliimbwa kwa Kilatini, na nyimbo nyingi za Kiswahili zilizofuata zilivaa tuni za Ulaya. Mwaka 1903 Papa Pius X alitoa hati Tra le sollecitudini juu ya muziki mtakatifu. Alitaka kuondoa makanisani mtindo wa majumba ya maonyesho, hivyo alikataza piano, ngoma, matoazi na ala nyingine za kelele. Aliyatazama zaidi makanisa ya Ulaya, lakini hati ilikuwa ya Kanisa zima. Kwa Mmwera au Mmakonde, aliyezoea ngoma katika furaha na katika mambo mazito ya ukoo, chombo alichokijua kuliko vyote kilibaki nje ya mlango.

2. Padre aliyesoma sheria

Mbele ya sheria kama hiyo, mtu angeweza kuikaidi, au kuacha kabisa muziki wa wazee wake. Padre Mbunga alikaa akaisoma. Kitabu chake Church Law and Bantu Music, kilichotoka mwaka 1963, kinachambua hati za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu na kuzihusisha na muziki wa Kibantu. Naye hakuishia kwenye kuandika: alitunga Misa Baba Yetu, watu wakapata kuimba kile ambacho wengine walikuwa bado wanakijadili.

Wakati huo mlango ulikuwa umeanza kufunguka. Mwaka 1955 Papa Pius XII, katika Musicae sacrae disciplina, aliwahimiza wamisionari waujali upendo wa nyimbo walioukuta kwa watu. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati juu ya Liturujia. Namba 119 inataka muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake. Namba 120 inaruhusu ala nyingine, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa, mradi zinafaa kwa ibada au zinaweza kufanywa zifae. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba neema haiharibu maumbile, bali huyakamilisha. Ngoma nayo ni ya maumbile hayo.

3. Mafunzo kwa kwaya zetu

Kwanza, mwalimu wa kwaya asome. Asiseme "Padre kakataa" au "siku hizi kila kitu ruksa" kabla ya kujua Kanisa linasema nini na kwa sababu gani.

Pili, aisikilize lugha. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: katika "baraka" mkazo uko kwenye "ra". Tuni ikiupeleka kwenye "ka", neno linavunjika, na sala inayumba.

Tatu, aijue ngoma anayoiingiza. Pwani yetu ina ngoma za aina nyingi: mdundo wa unyago una maana yake, na dufu la maulidi ni la ibada ya jirani zetu Waislamu. Wazee waulizwe kwanza. Utamu wa mdundo peke yake hautoshi.

Nne, waamini waimbe. Hati Musicam sacram ya mwaka 1967 haikubali kwaya ibebe peke yake nyimbo zote za Misa, watu wakabaki watazamaji. Hapa tulikosea sisi. Katika vigango vidogo vya pwani, ambako Wakristo ni wachache na wengine ni walimu na watumishi waliohamishiwa huko juzi, Misa ya Dominika ndipo mahali pa kujiona jumuiya moja. Tukiwanyang'anya wimbo, tumewarudisha nyumbani wageni kama walivyokuja.

Tuliporudi kigangoni likizo iliyofuata, tulianza na mwitikio wa zaburi, mstari mmoja tu, ngoma moja, dakika kumi kabla ya Misa, tukiwa na waamini wote. Bibi aliimba. Hakutuuliza kitu.

Maswali ya kutafakari

1. Katika Misa ya Dominika iliyopita, ni sehemu zipi waamini wote waliziimba?
2. Ni wimbo gani wa kwaya yetu unaovunja maneno, na tunaweza kuurekebishaje?
3. Ni mzee gani wa parokia anayeweza kutufundisha maana ya ngoma zetu?