Kompresa ya nyumbani: chagua kwa akili kabla ya kulipa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani unayesoma ukurasa huu pamoja naye,

Kazini umezoea kompresa. Hewa yake ndiyo inayoendesha mashini ya kutoboa mwamba, na kuna fundi mwenye kazi ya kuiangalia. Lakini wenzetu wengi, zamu ikiisha, hufungua garaji ndogo katika parseli zao: kupompa mipira ya pikipiki, kupuliza kabureta, kupiga rangi mlango wa gari. Ni jambo jema. Franga zinaongezeka na kijana anajifunza ufundi. Ila nyumbani hakuna mkuu wa usalama anayepita kukagua. Mkuu wa usalama ni wewe mwenyewe. Basi somo letu la leo ni hili: namna ya kuchagua kompresa isiyokula fedha bure, na isiyoleta kilio katika parseli.

1. Jua kwanza kazi yako

Usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa kuuliza: nitafanya kazi gani? Mpira wa pikipiki unataka karibu bar 2, zile ambazo kwado wengi huita kilo 2. Mpira wa lori unaweza kutaka bar 7 hadi 8. Kwa pikipiki tu, mashini ndogo yenye tanki la lita 24 au 50 inatosha. Kwa lori unahitaji mashini ya bar 10, maana ile ya bar 8 itafika mwisho wa nguvu zake kabla mpira haujajaa vizuri.

Kupiga rangi ni kazi nyingine. Presha yake ni ndogo, lakini inakula hewa nyingi bila kupumzika. Bastola nyingi za rangi hutaka lita 150 hadi 300 kila dakika. Anayenunua mashini ndogo kwa rangi ataiona ikizunguka mchana kutwa, ikipata moto, hata kuungua.

2. Soma kibao, usisikilize maneno ya muuzaji

Juu ya mashini kuna kibao. Mara nyingi kinaonyesha lita zinazovutwa na pistoni kwa dakika. Hizo si lita zinazofika kwenye mpira wako. Sehemu moja hupotea njiani, na kwa mashini ndogo hesabu theluthi mbili tu. Kibao kikisema lita 200, wewe weka moyoni lita 130.

Tena, sisi tunaishi milimani. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na vilima vingi vya Masisi viko juu zaidi. Huku hewa ni nyepesi. Uzito wake Goma ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko kando ya bahari. Chukua tanki la lita 100 na mashini inayotoa lita 130. Mombasa itafika bar 8 kwa dakika 6 hivi. Goma itachukua dakika 7 na zaidi. Mota ya esansi nayo inapoteza nguvu kwa sababu hiyohiyo. Basi mtu wa Masisi anunue mashini kubwa kidogo kuliko ile ambayo kitabu kinamwambia. Mwenzake wa Walikale, huko chini msituni, hapotezi sana.

3. Umeme au esansi?

Kama una umeme wa kudumu, mota ya umeme ni bora: haina moshi na haina kelele nyingi. Kama unatumia grupe, angalia vizuri. Mota inapoanza kuzunguka hunywa umeme mara kadhaa kuliko ikiwa imeshachangamka. Mota ya kilowati 1.5 inaweza kuzima grupe ya kilowati 2. Tafuta grupe yenye nguvu mara tatu hivi ya mota. Usiunge waya mrefu na mwembamba hadi barabarani. Umeme hufika ukiwa dhaifu na mota huungua. Acha waya uwe mfupi, na mpira wa hewa ndio uwe mrefu.

Kama hakuna umeme, utachukua ya esansi. Hiyo isiwashwe kamwe ndani ya nyumba au ndani ya garaji iliyofungwa, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, hulegea, hulala, na haamki tena.

Kwa sababu hiyohiyo, asikudanganye mtu kupeleka hewa ya kompresa ya esansi shimoni ili wachimbaji wapumue. Ndugu zetu wanaochimba koltani upande wa Rubaya au kasiterite upande wa Walikale wasikie neno hili: kompresa ya garaji huvuta moshi wake mwenyewe na mvuke wa mafuta. Si hewa ya mapafu.

4. Tanki ndilo linaloua

Mota mbovu itakupotezea fedha. Tanki bovu litakupotezea maisha. Fanya hesabu hii: bar 8 maana yake ni karibu kilo 8 juu ya kila sentimeta mraba. Kifuniko cha tanki chenye upana wa sentimeta 30 kinasukumwa kwa zaidi ya tani 5. Ni kama lori zima limesimama juu ya sahani. Chuma kikiachia, hakuna ukuta wa mbao wa kukizuia.

Ukinunua tanki lililokwisha kutumika, fanya haya:

– Tafuta kibao cha tanki: mwaka, ujazo, presha ya mwisho. Tanki lisilo na kibao, liache.
– Fungua kizibo cha chini. Yakitoka maji mekundu yenye maganda ya kutu, liache.
– Pitisha mkono chini ya tumbo lake. Ukikuta alama ya kusudere juu ya tundu, liache. Tanki la hewa halitiwi kiraka.
– Likionekana zuri, lijaribiwe kwa maji, na fundi anayejua: hujazwa maji hadi juu, hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwa bar 8 ni bar 12. Maji hayajikusanyi kama hewa. Tanki likipasuka, litamwagika bila kuruka.

Wengine hutengeneza kompresa kwa mota ya friji na chupa ya gesi, au kwa kompresa ya breki za lori. Mikono yao ni ya ufundi, lakini chupa ile haikutengenezwa kukaa na maji ndani. Hutaona kutu inakula wapi.

5. Vitu vitatu visivyokosekana

Supape ya usalama, manometa inayosoma sawasawa, na kifuniko cha mkanda. Supape ikianza kupiga filimbi, kuna wanaoifunga kwa bisi ili «isisumbue». Huyo amefunga mdomo wa mlinzi wake. Kifuniko cha mkanda ni kwa ajili ya vidole vya watoto na pindo la kikwembe cha mama.

6. Kila jioni, mwaga maji

Hewa yetu ya ukungu ina maji mengi. Kwa nyuzi 20, mita moja ya ujazo inaweza kubeba gramu 17. Mashini inayovuta lita 200 kwa dakika inaweza, kwa saa moja ya siku ya ukungu, kuacha karibu glasi nzima ndani ya tanki. Ndiyo kutu yenyewe. Jioni zima mashini, punguza presha, fungua kizibo, acha maji yatoke. Ni kazi ya dakika 2. Mpe kijana wako, naye atajivunia.

7. Mambo yaliyokatazwa

Usipulize vumbi la mgodi kwenye nguo au mwilini. Vumbi la mwamba huingia mapafuni na halitoki. Fua kwa maji. Usielekeze hewa kwa mtu, hata kwa mchezo: hewa ya presha ikiingia mwilini hupasua matumbo na kuua. Ukipompa mpira wa lori, hasa wenye rimu ya vipande, usisimame mbele yake. Tumia mpira mrefu wa hewa, simama pembeni, na rimu ifungwe kwa mnyororo au ndani ya kizimba cha chuma. Usitie mafuta ya mota yaliyotumika. Tafuta mafuta ya kompresa.

Maswali ya kujibu nyumbani

Tanki letu lina kibao? Supape inafunguka? Nani amemwaga maji jana? Watoto hucheza umbali gani nalo? Kama swali moja halina jibu, zima mashini leo, na ujibu kwanza. Mteja atangoje. Mpira wa pikipiki unaweza kungoja hadi kesho.