Mandolini ya Zamani Isiyo na Jina: Ya Kufanya na Kutofanya

Nazungumzia ile ya mtindo wa Naples, yenye mgongo wa mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa, nyuzi nane katika jozi nne. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zilitengenezwa kwa wingi Italia na Marekani, na nyingi hazina lebo.

Kabla ya kulipa

Usinunue hadithi. Muuzaji akianza kusimulia fundi mashuhuri na babu yake, mwache amalize, kisha omba kuishika. Jina halipo, kwa hiyo kinachokutetea ni mbao tu.

Tazama shingo kwanza. Funga jicho moja, ilenge kutoka kichwani hadi kwenye daraja kama seremala anavyokagua ubao. Ndani yake hamna chuma cha kukaza. Ikiwa imepinda, rudisha pesa mfukoni.

Usichanganye mkunjo na ubovu. Uso wa mandolini hii hukunjwa makusudi karibu na daraja, mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Kinachotisha ni bonde kati ya daraja na tundu. Gonga uso kwa kidole pande zote. Ukisikia mtikisiko mkavu, kuna gundi iliyoachia ndani.

Kagua bamba la madoa ya kahawia chini ya nyuzi. Huenda ni plastiki ya kale, huenda ni gamba halisi la ng'amba. Mkataba wa CITES unazuia biashara ya ng'amba kati ya nchi na nchi. Usiivushe mpaka kabla ya kujua.

Ikishafika mikononi

Usifunge nyuzi nene. Hili nalisema kwa uchungu. Yangu ya kwanza niliifunga seti ya mandolini za kisasa zenye mgongo bapa, kwa kuwa ndiyo niliyouziwa dukani. Asubuhi nilikuta ufa mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu hadi mguuni pa daraja, na ukucha wangu uliingia. Tafuta seti nyepesi kabisa, ambayo waya wake mwembamba una unene wa inchi 0.009 au 0.010. Hata hizo, zikikazwa zote, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mfuko wa simenti.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Daraja halijagundishwa, nyuzi ndizo zinazolishikilia. Kisha liweke mahali pake kwa sikio: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, usikilize, halafu ubane hapo hapo. Sauti ya kubana ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, kuelekea shingoni. Fanya hivyo kwa kila jozi, bila haraka.

Daraja likiwa limepotea, mchongaji mzuri wa mpingo atakutengenezea lingine. Simama naye mpaka mguu wake ulale usoni bila mwanga kupita chini.

Usiguse epoksi wala supagluu. Dai gundi ya ngozi, ile ya asili, ambayo fundi atakayekuja baadaye anaweza kuilegeza kwa joto na unyevu.

Na kwa sababu hiyo hiyo, usiiache garini. Nimeona mgongo ukiachana, ubavu baada ya ubavu, ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa mchana mmoja tu.